Kibali cha Siku Ishirini na Nane

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Daftari hili nimelinunua leo posta ya Thornton Heath, hapa London. Mama wa ofisi ya leseni kamwambia binti yangu Haifa kwenye simu kuwa mtu akitaka kibali cha kurusha televisheni, aandike kila linalotokea, siku kwa siku. Basi naandika. Mkono wangu haujazoea. Mimi nilisoma chuoni, chuo cha Kurani, na skuli nilikwenda miaka miwili tu, nikaona walimu hawana la kunifundisha.

Mimi ni Mwadini Hamad, mtu wa Wete, Pemba. Mwaka 1973, televisheni ya rangi ilipoletwa Unguja, mimi ndiye niliyepanda mnara kufunga antena. Futi mia. Mainjinia wamesimama chini, shingo zimewauma kwa kunitazama. Mke wangu Bi Zainab aliniletea chakula siku ile na aliona kwa macho yake. Asiyeamini amuulize.

Ila sasa huwezi kumuuliza. Mwezi wa tatu kapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia umelala. Kiingereza chake cha miaka ishirini ya kufua nguo za hospitali kimetoka chote, na Kiswahili kimebaki neno moja: haya. Nikimwambia nje kuna mvua, haya. Nikimwambia hakuna mvua, haya. Na huyu ni mwanamke ambaye kwa miaka thelathini na sita hajanikubalia jambo hata moja.

Kutwa amekalishwa mbele ya televisheni ya Kiingereza, uso kaugeuzia ukutani. Haifa kamwekea kanda za video za nyumbani. Anafumba macho, anajua ni mambo yaliyokwisha. Mara moja tu aligeuka, siku habari zilipoonyesha, saa ile ile, bomba lililopasuka mbele ya stesheni yetu ya treni hapa, watu wanaruka maji. Aliangalia mpaka mwisho.

Ndipo nikapata akili. Nitafungua televisheni ya hapa hapa, ya watu wetu, inayosema Kiswahili saa ile ile anapoitazama.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimekwenda kwa Gurdial. Huyu ni Singasinga, Mhindi wa kilemba, mwenye duka la kutengeneza televisheni, mzaliwa wa Nakuru, Kiswahili chake cha Bara tena cha kujiokotea.

"Mzee, iko kibali ya muda," kasema. "Siku ishirini na nane. Watu ya sherehe nachukua. Nguvu kidogo sana, labda maili mbili."

"Zinafika kwangu?"

"Kwako na mbele kidogo."

"Basi zinatosha."

Kacheka. Simwamini mtu anayecheka kabla ya kazi. Lakini mtambo anao, kaununua kwa watu waliofunga stesheni yao, na mnara mdogo anao. Asichokuwa nacho ni kibali, na kibali nitanunua mimi, kwa pesa za Hija ya watu wawili. Bi Zainab safari hiyo haiwezi tena, na mimi siendi peke yangu. Hayo yamekwisha, siyaandiki tena.

Jumanne, 12 Oktoba

Mvua. Haya.

Jumatatu, 18 Oktoba

Fomu imekuja, kurasa kumi na tisa. Haifa karudi kazini kachoka, kakaa nayo mezani. Tumekwenda vizuri mpaka pale palipoulizwa siku ya kuanza. Nimetaka tuanze na Ramadhani, watu wawe majumbani wanangoja kufuturu.

"Andika: mwezi ukiandama," nikamwambia.

"Baba, plizi. Wanataka tarehe."

"Ramadhani haina tarehe mpaka uonekane mwezi. Waeleze."

"Hii ni ofisi, Baba. Si msikiti."

"Na mimi si mtu wa kumpangia Mungu. Andika."

Kaandika. Kageuka kumtazama mama yake, labda atamsaidia kama zamani. Bi Zainab kasema haya.

Ijumaa, 29 Oktoba

Fomu imerudi. Pale pa tarehe pamezungushwa duara, na barua ya adabu sana: tunaomba tarehe. Nimeirudisha ile ile. Watachoka wao.

Jumanne, 2 Novemba

Kaja Talib kutoka Peckham. Huyu ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, na sauti anayo, hilo simnyimi. Tumekubaliana yeye ndiye atakayekaa mbele ya kamera. Kauliza kwa nini kibali hakijatoka. Haifa kamwambia.

"Bwana Mwadini, andika tarehe tisa Disemba. Mwezi umeshapigiwa hesabu."

"Umeuona wewe?"

"Wataalamu wameuhesabu."

"Mimi nafunga kwa jicho, sifungi kwa kalamu."

"London hii, na mawingu haya, utaona nini? Utamuuliza nani, basi namba 68?"

Haifa kacheka. Mimi sikucheka. Kwa hao wataalamu wake huyu bwana atatupoteza wote. Tangu ujana wake mambo yake ni ya kuambiwa.

Jumamosi, 6 Novemba

Bi Zainab kala vijiko vinne. Amekonda shingoni. Nimesimama dirishani kwetu, ghorofa ya tatu, panapoonekana minara miwili mikubwa ya televisheni, wa Crystal Palace na wa Croydon. Usiku taa zao nyekundu haziondoki machoni. Nimemwambia, Bi Zainab, utaona, wa tatu utakuwa wa mumeo. Haya, kasema. Bora angenitukana.

Jumatano, 10 Novemba

Simu. Mama wa ofisi kasema taratibu, na Haifa kafasiri taratibu: fomu yenye tarehe ifike Ijumaa, kama haikufika nafasi anapewa mwengine, mpaka mwakani.

Mwakani. Nimemtazama Bi Zainab, nikaona mwakani ni mbali.

Alhamisi, 11 Novemba

Nimeandika tarehe tisa Disemba. Nimeandika mwenyewe, Haifa kashika karatasi isisogee. Talib asiambiwe kuwa ni tarehe yake. Gurdial kaipeleka fomu kwa mkono, kwa treni, kafunga duka nusu siku. Sikumwomba.

Jumatano, 24 Novemba

Kibali kimefika! Karatasi nzito, jina langu limechapwa: Mwadini Hamad. Tangu nifike nchi hii karatasi zote zenye jina langu ni za kudaiwa. Hii ya kwanza ya kuruhusiwa.

Masharti nayo mengi. Saa tisa mchana mpaka saa kumi na mbili jioni. Siku ishirini na nane mfululizo, tarehe 9 Disemba hadi tarehe 5 Januari, tuzitumie tusizitumie. Na tukiharibu picha za majirani, tutazimishwa.

Nimelala kidogo sana. Nimeamka mara tatu kuangalia kama karatasi ipo.

Ijumaa, 3 Disemba

Leo tumesimamisha mnara juu ya duka la Gurdial. Upepo wa kukata masikio.

"Wewe bingwa," kasema Gurdial. "Panda."

Nikamweleza kuwa wa Unguja ulikuwa futi mia na hamsini na niliupanda bila ya kamba, lakini sasa goti haliniruhusu. Kanitazama tu, kakaza kilemba chake, kapanda yeye. Ana miaka sitini na mbili na tumbo. Mimi nilishika kamba chini. Kazi ya kamba si ndogo, mtu asiidharau. Mikono imenitetemeka mpaka aliposhuka.

"Umeogopa, Mzee?"

"Baridi."

Jumatano, 8 Disemba

Tumepanda kilima cha Beulah jioni, mimi na Haifa, kutafuta mwezi. Mawingu kama blanketi la jela. Hatukuona kitu. Kesho ni Shaabani, nimesema. Haifa kasema, "Lakini Baba, kibali." Nimesema kesho ni Shaabani.

Alhamisi, 9 Disemba

Siku mbaya.

Saa nane Talib kafika dukani, kavaa kanzu na koti, kafunga, midomo mikavu, karatasi zake za kusoma mkononi. Kanikuta mimi nakunywa chai. Katazama kikombe.

"Leo bado Shaabani," nikamwambia. "Televisheni inafunguliwa kesho."

"Kibali kinasema leo."

"Kibali hakikuona mwezi."

"Kwa hiyo mimi na watu wangu tumefunga upepo?"

"Hilo umelisema wewe."

Kakunja karatasi zake, kaziweka mfukoni. "Bwana Mwadini," kasema, "mimi nilikuja kwa ajili ya Bi Zainab. Kanisomeshea binti zangu wote wawili juzuu kwa juzuu. Wewe umekuja kwa ajili ya ubishi." Kaondoka.

Gurdial kasema, "Mzee, mwezi yako imechelewa. Lakini hii kibali imeanza kuhesabu."

Siku moja imekwenda bure. Zimebaki ishirini na saba.

Ijumaa, 10 Disemba

Tumefunga leo, na tumefungua. Saa tisa kamili Gurdial kabonyeza, na kwenye televisheni kumi na mbili za dukani ikatokea picha moja: kina mama wanne wa jumuiya yetu, wa Streatham, wamejipanga kochini, wanasalimia Thornton Heath nzima. Watu wamesimama njiani kutazama dirishani.

Nilisimama nyuma ya kamera na moyo wangu uko nyumbani. Saa kumi kasoro robo simu. Haifa. Bi Zainab homa, kifua, gari la wagonjwa limeshakuja. Alikuwa hakuiona. Alikuwa kalala.

Jumapili, 12 Disemba

Hospitali iko nje ya zile maili mbili. Nimemuuliza Gurdial aongeze nguvu kidogo tu. Kasema akiongeza, kesho hatuna kibali. Nilimkasirikia, kisha nikaona nakasirikia kilemba kisicho na makosa.

Zimebaki ishirini na nne.

Jumanne, 14 Disemba

Jirani wa juu ya kinyozi kalalamika: mpira anaoutazama una mistari. Ofisi imepiga simu. Akilalamika safari nyengine, wanatuzima. Gurdial kaenda kwa yule jirani na kichujio cha kufunga nyuma ya seti na sahani ya sambusa, kakaa naye nusu saa. Mistari imeondoka. Mimi nimekaa dukani kusubiri kama mtu aliyepelekwa kortini.

Jumamosi, 18 Disemba

Zimebaki kumi na nane. Mapafu, wanasema. Wamempa hewa puani.

Alhamisi, 23 Disemba

Kumi na tatu.

Jumamosi, 25 Disemba

Hakuna basi wala treni leo. Nimetembea mpaka hospitali, saa moja na nusu, na saumu yangu. Nimemweleza yaliyorushwa jana: vijana wamesoma kasida, mama mmoja kaonyesha kupika mkate wa kumimina ukaungua mbele ya watu. Haya. Nimemwambia, ukitoka utaona mwenyewe. Haya. Nimemwambia nimegombana na Talib na kosa lilikuwa lake. Kanitazama muda. Kisha haya.

Jumanne, 28 Disemba

Nimempigia mwenyewe mama wa ofisi, kwa Kiingereza changu cha kupakia mizigo ghalani Hayes. Nimemwambia mke wangu mgonjwa, nipe siku saba. Kasema pole sana, na sauti yake ilikuwa ya pole kweli, lakini masafa yale tarehe sita yana mwenyewe. Nikamwambia basi siku ile ya tarehe tisa nirudishie, sikuitumia. Kauliza kwa nini sikuitumia.

Nimeweka simu chini.

Jumamosi, 1 Januari 2000

Jana watu walipiga fataki mpaka anga ikawa nyekundu. Mimi nilikuwa nahesabu: nne baada ya leo.

Jumatatu, 3 Januari

Daktari kasema labda atatoka Jumatano. Nimeuliza Jumatano asubuhi au jioni. Kasema labda Jumatano.

Alhamisi, 6 Januari

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo yote, na Haifa kanikumbusha pale nisipokuwepo.

Jana, Jumatano, siku ya mwisho, wamemtoa Bi Zainab hospitali saa saba mchana. Haifa kachukua ruhusa kazini, kamkalisha kitini kwake, kanipigia: amefika, yuko safi, anasinzia. Mimi nilikuwa dukani tangu asubuhi.

Mtu hakuna. Kina mama wa Streatham mmoja kaugua na watatu wanamuuguza. Vijana wa kasida wamerudi chuo kikuu. Na barafu imeshika njia, mabasi yanatambaa. Saa tisa kasoro dakika tano tupo wawili, mimi na Gurdial, na kochi tupu mbele ya kamera.

"Weka kanda," nikasema.

"Wewe mwenyewe ulisema kanda hapana. Yeye nafumba macho."

"Basi kaa wewe."

"Bibi ni yangu au ni yako?"

Nikakaa. Wallahi, mimi niliyezungumza barazani miaka hamsini, mbele ya kioo kile cheusi ulimi ulikauka, na haikuwa saumu. Gurdial kanyoosha kidole, taa nyekundu ikawaka. Nikasema assalaam alaykum. Kisha nikanyamaza, nadhani dakika nzima. Nikasema nje kuna barafu. Nikasema jina langu. Nikasema tena nje kuna barafu.

Simu ya duka ikalia. Gurdial kaipokea, kanitolea ishara ya mkono: vibaya. Baadaye nimejua. Haifa kawasha seti na haoni ila chenga tupu. Upepo wa usiku umeigeuza antena yetu, ile iliyofungwa nje ya reli ya baraza, ghorofa ya tatu, na Haifa anaogopa kuegemea nje.

Saa tisa na nusu. Saa kumi kasoro robo. Gurdial anazungusha mkono: endelea, endelea. Naongea na nani? Nimesoma aya nilizokuwa nazo moyoni. Nimewasalimia wagonjwa. Saa kumi na dakika zake nimefuturu kwa tende mbele ya watu wote, kama wapo. Kila nikitazama saa ya ukutani naona mshale unakimbia kama umelipwa. Nilisema moyoni, haya ndiyo niliyoyanunua: mzee anatafuna tende peke yake.

Kumbe Talib alikuwa njiani. Kasikia Bi Zainab katoka hospitali, kashuka basi lililokwama, katembea na chupa ya uji mkononi. Kagonga. Haifa kamfungulia machozi yanamtoka, kamwonyesha chenga. Talib kavua koti, kavua viatu, kapanda kiti barazani, kaegemea nje kwenye baridi ile na kanzu yake, Haifa kamshika kiunoni. Kageuza antena kidogo kidogo. "Bado?" "Bado, Anko." "Bado?" "Hapo! Hapo!"

Nami bila kujua, saa hiyo maneno yameniishia. Nikashika lile ninalolijua. Nikaanza kisa cha mnara.

Nikasema mwaka 1973 televisheni ya rangi iliingia Unguja, na mtu wa kupanda hakuna, mainjinia wanatazamana. Nikasema nikavua shati. Nikasema mnara una futi mia tatu. Nikasema nilipofika juu niliiona Pemba.

Simu ikalia. Gurdial kasikiliza, macho yakamtoka. Kavuta waya wa simu mpaka kwenye kochi, kaingia mbele ya kamera mzima mzima na kilemba chake, kanipa.

Sauti ya Talib: "Bwana Mwadini, tunakuona. Mkeo anasema wewe mwongo."

"Nani anasema?"

"Mkeo. Kakutolea macho, kasema mwongo. Mara mbili."

Nikasikia vitu vinasogezwa. Nikasikia pumzi. Ile pumzi naijua.

"Mwongo," kasema Bi Zainab. Sauti nzito, kama mtu anayevuta gunia. "Hukupanda. Ka... kamba. Ulishika kamba."

Taa nyekundu inawaka, Thornton Heath nzima inanitazama.

"Chini," kasema. "Miguu... inatetemeka. Nimeona."

Naandika hapa ukweli, kwa kuwa mama wa ofisi kasema kila kitu kiandikwe. Aliyepanda mnara ule alikuwa kijana wa Makunduchi, na jina lake nimelisahau kwa makusudi. Mimi nilipanda ngazi nne nikashuka. Wakanipa kamba. Bi Zainab alikuja na bakuli la wali akaniona, akaweka bakuli chini, akashika mkia wa kamba nyuma yangu mpaka mtu akashuka salama. Njiani kurudi nilimwomba asiseme. Hakusema mbele ya watu miaka ishirini na sita.

Nikaiweka simu magotini, nikaitazama kamera. Nikasema, "Kweli. Nilishika kamba. Mke wangu kanisahihisha."

Nikairudisha sikioni. "Na futi?" nikamuuliza. "Futi zilikuwa ngapi, Bi Zainab?"

"Si... si mia tatu."

"Ngapi?"

"Wewe... mwongo tu."

Tumebishana hivyo hewani, mimi na yeye, mpaka saa kumi na mbili kamili. Maneno yake hayakufika arobaini. Haifa kayahesabu kwa vidole huku analia. Gurdial alisimama na mkono kwenye kitasa. Alinisubiri nimalize sentensi, kisha kazima. Televisheni kumi na mbili zikawa nyeusi kwa pamoja.

"Ndugu yangu," nikamwambia. Sikuwahi kumwita hivyo.

Kacheka, na hapo nikaona ndivyo anavyofanya akitaka kulia.

Ijumaa, 7 Januari

Gurdial kaanza kushusha mnara. Nimemshikia kamba.

Jumamosi, 8 Januari

Jana jioni mawingu, mwezi hatukuuona. Natimiza thelathini. Talib na watu wake leo wamesali Idi. Kaja na sahani ya biriani, kanikuta nimefunga, kacheka, kaiweka jikoni mpaka magharibi. Nimemwambia tarehe niliyoandika kwenye fomu ilikuwa yake. Kasema alijua.

Mchana nimemwambia Bi Zainab nje kuna mvua.

Kasema hakuna.

Nimekwenda dirishani. Hakuna.